Karata Nyekundu, Karata Nyeusi: Kuzihamisha Kanuni za Vita vya Kikoloni

Wasomaji, leo tuweke kando seva na hifadhidata. Nataka kuandika juu ya programu isiyohitaji umeme, isiyoomba kusasishwa kila wiki, na ambayo watu wamekuwa wakiiendesha juu ya meza zao tangu mwaka 1979. Inaitwa The Sword and the Flame, na mwandishi wake ni Mmarekani Larry Brom. Ni kijitabu cha kanuni za mchezo wa vita. Unapanga visanamu vya askari mezani, unaweka vilima vya karatasi na miti ya sponji, unavuta karata, unatupa dadu, na kwa saa mbili tatu unapigana upya vita vya Waingereza dhidi ya Wazulu, Wasudani au watu wa milima ya mpaka wa Afghanistan.

Kwa nini naiita programu? Kwa sababu ndivyo ilivyo. Ina data (askari wangapi, silaha gani), ina masharti (kama adui yuko karibu, fanya hivi), ina mzunguko unaorudiwa zamu baada ya zamu, na ina jenereta ya namba za bahati, yaani dadu. Kompyuta yake ni wewe na rafiki yako mliokaa mkitazamana. Na kama programu yoyote iliyoandikwa vizuri, watu hawakukawia kuifungua ndani na kuipa kazi nyingine: nchi nyingine, karne nyingine, silaha nyingine. Mimi nami nimo katika ugonjwa huo. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizihamisha kanuni za aina hii kutoka vita vya kikoloni hadi vita vya pwani yetu kabla ya mkoloni. Kuna mambo ndani yake ambayo mtu akicheza tu hayaoni. Ukijaribu kuyahamisha, yanagoma.

Historia kwanza, kwa ufupi. Michezo hii haikuanza kama starehe. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliukamilisha mchezo wa Kriegsspiel ambao baba yake alikuwa ameuanzisha: ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, na mwamuzi katikati. Jeshi likautumia kufunza maafisa wake. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mwandishi wa hadithi za sayansi, alichapisha Little Wars, na vita vikashuka kutoka ramani ya maafisa hadi sakafu ya chumba cha watoto, kwa askari wadogo wa madini na mizinga ya springi iliyorusha vijiti vya mbao. Mwaka mmoja baadaye Ulaya ikaingia vitani kwelikweli. Mchezo ulipata uhai mpya mwaka 1962 Mwingereza Donald Featherstone alipotoa War Games, na kuanzia hapo vita vya kikoloni vikawa na wapenzi wake wa kudumu. Sababu si ngumu kuzielewa: sare nyekundu hupendeza mezani, vikosi ni vidogo, na kila upande ni tofauti na mwenzake.

Sasa tufungue kofia ya gari tutazame injini. Katika kanuni za Brom kikosi cha kawaida cha askari wa miguu kina visanamu 20. Hakuna utaratibu wa "wewe kwanza, halafu mimi" kama katika drafti. Kuna rundo la karata. Ikitoka nyekundu, upande wa himaya unasogeza kikosi kimoja. Ikitoka nyeusi, wenyeji wanasogeza kimoja. Mwendo nao haujulikani mapema, unatupwa kwa dadu, kwa hiyo kikosi ulichokusudia kifike ukutani kinaweza kuishia katikati ya uwanja mtupu kikitazamana na bunduki. Kabla ya kuvamiana ana kwa ana, ari ya anayeshambulia inapimwa kuona kama atathubutu, na ya anayeshambuliwa kama atasimama. Wakikutana, visanamu hupangwa mmoja kwa mmoja, kila kimoja na dadu yake. Ladha yake iko karibu na sinema ya Zulu ya mwaka 1964 kuliko darasa la chuo cha kijeshi, na kwangu hiyo ni sifa.

Kilichonivutia kama mwandishi wa programu ni lile rundo la karata. Tuseme tumelitengeneza kwa karata moja kwa kila kikosi, kama wachezaji wengi wanavyofanya. Vikosi 6 vyekundu, 6 vyeusi. Uwezekano wa karata tatu za kwanza kuwa nyeusi zote ni 6/12 mara 5/11 mara 4/10, yaani takriban asilimia 9. Badilisha sasa: vyekundu 4, vyeusi 8. Hesabu inakuwa 8/12 mara 7/11 mara 6/10, takriban asilimia 25. Hujagusa kanuni hata moja, umebadilisha data tu, lakini sasa katika zamu moja kati ya kila nne wale wengi watasogea mara tatu mfululizo kabla wale wachache hawajainua mguu. Mezani hilo linaonekana kama wimbi linalokuja. Mstari mmoja wa kanuni umekupa hofu ambayo kurasa kumi za majedwali zisingekupa. Huo ndio uandishi ninaouonea wivu.

(Nikiwa hapo hapo: karata zenye picha, kwa Kiswahili cha zamani, huitwa mzungu, mfalme ndiye mzungu wa nne. Kwa hiyo katika mchezo huu mzungu wa shupaza anawaamrisha wenyeji. Sijui Brom angesemaje.)

Injini nzuri huzaa matawi. Mfano ulio wazi zaidi ni wa karibuni. Mwaka 2014 Daniel Mersey alitoa Lion Rampant, kanuni za vita vidogo vya zama za kati za Ulaya. Mwaka 2016 akaichukua injini ile ile na kuipeleka kwenye vita vya kikoloni kwa jina la The Men Who Would Be Kings. Mwaka 2017 ikatoka The Pikeman's Lament ya karne ya 17, mwaka 2019 Rebels and Patriots ya vita vya Amerika ya Kaskazini, na mwaka 2022 Xenos Rampant ya vita vya kubuni vya anga za mbali. Yaani mashujaa wa deraya, askari wa Malkia Victoria na watu wa sayari nyingine wote wanaendeshwa na mantiki moja: tupa dadu mbili uone kama kikosi kimetii, kisha tenda. Anayejua programu huria anajua maana ya jambo hili. Ukitenganisha vizuri injini na data, kazi ya kuhamia karne nyingine inakuwa ya majuma badala ya miaka.

Lakini katika toleo la kikoloni kuna kitu kilichonifanya nicheke, kisha nikakaa kimya. Kitabu kinatoa njia ya kucheza ukiwa peke yako. Unaongoza upande wa himaya, na upande wa pili unaendeshwa na majedwali ya dadu. Sehemu hiyo imepewa jina la Bwana Babbage, yaani Charles Babbage yule yule aliyebuni mashine za kuhesabu katika karne ya 19 na ambaye sisi watu wa kompyuta tunamhesabu kama babu. Ni utani mzuri na mfumo unafanya kazi vizuri sana, tena kwa mtu asiye na mwenzake wa kucheza naye ni msaada mkubwa. Tazama tu mgawanyo wa kazi ulivyo. Upande mmoja una nia, upande mwingine una algorithimu. Mmoja anapanga, mwingine anatokea vichakani.

Sidai kwamba mwandishi alikuwa na ubaya. Mtu anayecheza peke yake lazima aachie upande mmoja uendeshwe na mashine, na karibu kila mara ataachia ule ambao kumbukumbu zake hazikuandikwa na maafisa. Ripoti za vita hivyo ziliandikwa na upande mmoja, kwa hiyo tunajua kapteni alifikiri nini saa tatu asubuhi, na kuhusu walioko ng'ambo ya kijito tunajua tu kwamba "walionekana".

Mpwa wangu wa miaka 11 alifika hapo kwa njia fupi zaidi. Alinikuta nikijaribu kanuni kwa vizibo vya soda, kwa sababu visanamu ni ghali na ushuru wake unauma kuliko bei. Akauliza, "Mjomba, sisi ni gani hapa?" Nikamwonyesha vizibo vyeusi. Akavuta karatasi ya majedwali, akasoma upande wetu: tuko wengi, tunakimbia haraka, tunajificha vizuri, bunduki tunapiga ovyo. Akasoma mara ya pili. "Kwa nini sisi hatujui kulenga?"

Swali la haki hilo, na jibu lake lina pande mbili. Ni kweli kwamba bunduki nyingi zilizofika mikononi mwa wapiganaji wa Kiafrika katika karne ya 19 zilikuwa za kizamani, zilizotupwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata mpya, na baruti yake ilikuwa ya kubahatisha. Mwenye risasi tano hawezi kuzimaliza kwa mazoezi. Lakini nenda Adwa, tarehe 1 Machi 1896. Jeshi la Menelik II lilikuwa na bunduki za kisasa kwa maelfu, lilikuwa na mizinga, na jenerali Baratieri wa Italia alishindwa vibaya na watu ambao jedwali lingewaita wenyeji. Kwa hiyo kulenga kunategemea bunduki, risasi na mazoezi. Waandishi wa kanuni wameuweka ukweli huo katika safu isiyo yake. Kama ungekuwa msimbo, ungesomeka hivi:

kama kikosi.upande == "wenyeji":
    kulenga = 3
vinginevyo:
    kulenga = 8

Kila mwandishi wa programu amewahi kukutana na mstari wa namna hii katika mfumo aliourithi. Namba imegandishwa ndani, sharti linauliza swali lisilofaa, na programu inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku mteja wa pili anapokuja. Marekebisho yake ni mafupi:

kulenga = silaha.usahihi + kikosi.mazoezi - kikosi.uchovu

Mstari mmoja, na Adwa inawezekana. Isandlwana pia, ile ya tarehe 22 Januari 1879 ambapo jeshi la Wazulu lipatalo watu 20,000 liliiangamiza kambi ya Waingereza na zaidi ya 1,300 wa upande huo wakafa. Wachezaji wengi hupendelea tukio la jioni ya siku hiyo hiyo, Rorke's Drift, ambako walinzi wapatao 150 walinusurika. Ukitazama kwa jicho la mbuni wa mchezo unaelewa. Ukitazama kwa jicho la mpwa wangu unaelewa vilevile, ila kwa namna nyingine.

Kuna vita ambavyo kanuni hizi haziviwezi hata nyumbani kwake. Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898, jeshi la Kitchener lilipoteza watu wachache sana huku wapiganaji wa Khalifa zaidi ya 10,000 wakiuawa. Hapo hakuna mchezo, kuna kuhesabu tu. Na kuna vita ambavyo haviwezekani kwa sababu ya mahali uamuzi ulipopatikana. Afisa wa Uingereza Charles Callwell alichapisha kitabu chake Small Wars mwaka 1896, na ndani yake alieleza waziwazi kwamba adui asiye na mji mkuu wala jeshi la kudumu hupigwa kupitia mifugo na mazao yake. Hapa kwetu, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa kuwa wa mapatano. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko zote katika vita vile, na hakuna jedwali la ari wala la mwendo linaloigusa. Kanuni zinaanza pale vikosi vinapoonana, na vita vya kikoloni mara nyingi viliamuliwa kabla ya hapo au kando ya hapo.

Nilipoanza kuhama, kituo cha kwanza kilikuwa karibu: Tanga, Novemba 1914. Kikosi cha Waingereza kutoka India, watu wapatao 8,000, wengi wao wakiwa Wahindi waliotoka melini baada ya safari ndefu, kilishuka kuuteka mji uliolindwa na watu wapatao 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao askari wa Kiafrika. Baada ya siku chache za mapigano Waingereza walirudi melini, wauawa na majeruhi wao wakizidi 800. Nyuki waliovurugwa mizingani mwao waliuma pande zote bila ubaguzi, na nyuki unaweza kuwatengenezea karata. Shida ni rangi. Askari wa Kiafrika waliofunzwa vizuri kuliko waliokuwa mbele yao, wakitumikia himaya moja dhidi ya himaya nyingine iliyoleta Wahindi kuipigania: nani nyekundu, nani nyeusi? Jedwali la pande mbili linavunjika hapo hapo. Ile kulenga ya hesabu inasimama bila tabu.

Kituo cha pili ndicho nilichokikusudia tangu mwanzo: vita vya Shela, karibu mwaka 1812. Mombasa ya Wamazrui, ikishirikiana na Pate, ilileta majeshi kwa vyombo hadi kisiwa cha Lamu na kushuka kwenye ufuo wa Shela. Watu wa Lamu wakatoka kuwakabili, na wavamizi wakavunjika. Masimulizi ya Lamu yanasema walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimepwelewa. Maji yalikuwa yamekupwa, majahazi yamelala ubavu mchangani, na wengi wakafia pale pale kati ya vilima vya mchanga na bahari iliyowaacha.

Fikiria sasa tunachotaka kubeba kutoka 1879. Pande zote mbili ni Waswahili. Wana silaha zile zile: bunduki za mtambi na za gumegume, panga, mikuki. Dini moja, lugha moja kwa lahaja mbili, vyombo vya aina moja. Hakuna himaya na wenyeji, ni majirani waliochokana. Majedwali mawili niliyafanya moja kwa saa chache.

Ndipo nikagundua mchezo umekufa.

Kueleza sababu yake inabidi nimlete Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza ambaye mwaka 1916 alichapisha Aircraft in Warfare. Hoja yake ni hii. Katika kupigana mkono kwa mkono, mmoja na mmoja, idadi huhesabiwa kama ilivyo: 20 dhidi ya 10 wenye uwezo sawa, wakimalizana, hubaki 10. Katika kulengana kwa bunduki kutoka mbali, watu 20 wote wanaweza kuwalenga wale 10 kwa pamoja, kwa hiyo nguvu hupanda kwa kipeo cha pili: 400 toa 100 ni 300, na kipeuo chake ni kama 17. Wanabaki 17 badala ya 10. Kanuni za kikoloni zimeujenga msisimko wake wote katika pengo la hesabu hizi mbili. Upande mmoja una bunduki ya Martini-Henry, iliyoingia jeshini mwaka 1871, ambayo mwenye kuizoea hufyatua zaidi ya mara 10 kwa dakika na kupiga mbali. Upande wa pili una watu wengi na mikuki. Mchezo mzima ni kuvuka uwanja ule wa katikati: ukifika umeshinda, usipofika umekwisha.

Bunduki ya mtambi haina uwanja wa katikati. Hufyatuliwa labda mara moja kwa dakika, na zaidi ya mita 100 unapoteza baruti. Ukiweka namba hizo kwa uaminifu, vikosi vinatembea, vinapigwa mara moja, vinakutana kwa panga, na dadu linaamua. Nilijaribu kuongeza mizinga, nikaongeza maviongozi wenye sifa za kipekee, kama wafanyavyo wote. Ilikuwa sawa na kuongeza rangi kwenye gari lisilo na mafuta. Msisimko wa kanuni za kikoloni ulitoka kwenye tofauti ya silaha, na tofauti hiyo haikuwepo Shela. Lazima utoke penginepo.

Ulikuwa baharini muda wote huo.

Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kukadiria maji. Kupwa huchukua kama saa sita, na katika saa ya kwanza hushuka sehemu 1 ya 12, saa ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku za bamvua, tukichukua tofauti ya mita 3, saa ya kwanza maji hushuka sentimita 25 tu, na saa ya tatu sentimita 75. Aliyelelewa pwani anaijua hali hii miguuni hata kama hajawahi kuiandika: mwanzo unaona kama bahari imelala, kisha ghafla imeondoka. Kwa mvamizi aliyeacha majahazi ufuoni hiyo ni saa ya ukutani. Hadi mwisho wa saa ya tatu nusu ya maji imekwenda.

Basi nikarudi kwenye rundo la karata. Niliongeza majoka mawili (yaani zile karata za kichekesho, sio nyoka). Joka la kwanza likitoka, maji hupwa hatua moja. La pili likitoka, zamu imekwisha, na kikosi ambacho karata yake haijatoka kimekosa nafasi. Hesabu yake ni tamu: kati ya karata ya kikosi na majoka mawili, kila moja ina uwezekano sawa wa kuwa ya mwisho, kwa hiyo kikosi hutenda kwa uwezekano wa 2/3. Kukosa zamu mbili mfululizo ni 1/9. Hiyo inatosha kumfanya kiongozi wa Mombasa aanze kuangalia nyuma mapema kuliko anavyotaka. Je, arudishe vikosi viwili vikasukume vyombo kwenye maji ya kina, au avitumie kuuvunja mstari wa Lamu sasa hivi? Na mchezaji wa Lamu naye ana swali lake, kwa sababu hahitaji kushinda mapema. Anahitaji kuwachelewesha. Pande mbili zenye silaha sawa zimepata matatizo tofauti, na hakuna hata mmoja aliyepewa jedwali la kutojua kulenga.

Zamu moja kwa saa moja ni ndefu mno kwa watu wanaokatana panga, najua. Lakini siku ya vita ina kungojana kwingi.

Kanuni nyingine niliiongeza kwa sababu tu haiwezekani kuwa na vita hivi bila ushairi. Katika ugomvi ule Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, Lamu ikawa na Zahidi Mngumi, ambaye alikuwa kiongozi na mshairi pia, na beti za kutishana zilisafiri kwa majahazi kabla ya askari. Kwa hiyo kabla ya karata ya kwanza kila mchezaji hutunga ubeti mmoja wa kumtia mwenzake hofu. Ukikosea mizani, vikosi vyako vinaanza na pungufu la alama moja ya ari. Mmoja wa marafiki zangu, mtaalamu wa mitandao, alipoteza ari kabla ya kutupa dadu lolote, na akabisha kuhusu silabi kwa dakika kumi. Hakuna mchezo wa kikoloni uliowahi kunipa dakika kumi kama zile.

Kilichobaki kunisumbua ni ushindi. Katika kanuni za kikoloni anashinda aliyeshika kituo au kilima. Lamu ilishinda Shela, kisha kwa kuhofia kisasi ikamwomba Seyyid Said wa Oman ulinzi. Gavana akaja, ngome ya mji ikakamilika karibu mwaka 1821, na mkono wa Oman ukapata pa kushika pwani hii. Nani basi tumpe alama? Kwa sasa mchezo wangu unaishia kwenye hatua ya sita ya maji, na anayehesabu anahesabu vyombo vilivyoelea.

Anayetaka kujaribu haitaji kununua kitu. Vizibo 60 kwa Lamu, 80 kwa Mombasa na Pate (namba ni za mchezo, si za historia), vikosi vya vizibo 20, dadu, karata zenye majoka yake, na rula ya inchi. Bahari ni kanga ya buluu iliyotandikwa ukingoni mwa meza, vyombo vya mvamizi vikiwa juu yake. Joka la kwanza likitoka unaivuta kanga kurudi nyuma: inchi 1, 2, 3, 3, 2, 1. Chombo kinachobaki juu ya ubao mtupu kimepwelewa.